Mama wa Kumi na Tatu

Duka la fotokopi nyuma ya chuo lilikuwa limefurika siku ile, maana ilikuwa wiki ya kuwasilisha rasimu za tasnifu, na wiki hiyo hata watu wazima wenye heshima zao husukumana. Mashine tatu zilinguruma kwa pamoja, harufu ya wino na gundi ya kujalidi ikatoka hadi barabarani. Katikati ya msongamano alisimama muuguzi wa wodi ya wazazi, bado yumo kwenye gauni lake jeupe la kazini, sweta ya bluu ameifunga kiunoni, miguu inamuwaka moto. Wodi nzima ilimwita Sista. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili huku akiingia zamu kama kawaida, na subira yake siku hiyo ilikuwa imemwishia tangu saa nne.

Basi kijana mmoja mrefu, shati la mistari limenyooshwa pasi kwelikweli, alipopenya ubavuni kwake na kuweka karatasi kwenye kaunta, alimgeukia.

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

"Samahani, dada. Ni karatasi mbili tu."

"Mbili zako, themanini zangu. Sote tuna karatasi."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa, akarudi nyuma bila ubishi, na hilo ndilo lililomponza Sista. Angebisha, angemsahau. Alipomaliza zake, akamwona bado yuko mkiani, amekumbatia karatasi zake mbili, moyo ukamlainika.

"Lete hizo hapa kabla sijabadili nia."

"Nilijua una huruma. Wauguzi hamwezi kujificha."

"Usinizoee."

Wakazoeana. Kijana alikuwa mwalimu msaidizi wa takwimu hapo hapo chuoni, na Sista hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mwalimu. Miezi minne haikuisha, simu zao zilikuwa hazipoi. Mwalimu alimsubiri getini mwa hospitali na viatu vyake vilivyong'aa. Sista alimtania kuwa anapiga dawa viatu kuliko meno. Alimpenda, tena alimpenda vibaya.

Tasnifu yake ilihusu akina mama waliopoteza watoto wachanga. Alikuwa amewahoji kumi na wawili, mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja wao Sista alimwahidi: haya maneno ni baina yako, yangu na profesa wangu. Aliyaandika yote kama yalivyotoka kwenye rekodi, akayaweka kwenye flashi. Flashi hiyo akampa Mwalimu amkagulie asilimia za sura ya tatu.

Ndipo wenzake wawili walipokwenda likizo, zamu zikamwangukia yeye.

"Sista wangu, umekula?" Mwalimu aliuliza kwenye simu.

"Nimekula maji."

"Maji hayaliwi."

"Basi usiniulize. Sura ya nne inatakiwa Ijumaa na nusu yake sijaiandika vizuri."

"Niachie mimi. Flashi yako ninayo."

"Nyoosha lugha tu, mpenzi. Maneno ya akina mama usiyaguse."

"Mimi na maneno ya watu wapi na wapi? Pumzika."

Ijumaa sura ikarudi imenyooka, inateleza. Sista alisoma kurasa mbili za mwanzo akiwa amesimama, akaziona zinapendeza. Kwenye fomu ya tamko, palipouliza kama ametumia akili mnemba, akaandika "Hapana," akatia saini, akakimbilia wodini. Laiti angegeuza ukurasa wa tatu!

Wiki mbili baadaye msimamizi wake, profesa wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwita ofisini.

"Keti, mwanangu. Uliwahoji akina mama wangapi?"

"Kumi na wawili, Profesa."

"Na huyu wa kumi na tatu umemtoa wapi?"

Akamsukumia ukurasa. Mama wa kumi na tatu alikuwa ameeleza kwamba huzuni yake ni bustani iliyonyimwa mvua. Sista alisoma mara tatu. Mama zake hawakusema hivyo hata mmoja. Mama zake walisema maziwa yalishuka siku ya tatu na hakukuwa na wa kuyanyonya.

"Huyu ametungwa na akili mnemba. Chuo hakijakataza hizi programu," Profesa alisema. "Hata mimi naitumia kutafutia makala. Lakini unasema umeitumia wapi, unakagua neno kwa neno, na siri ya mtu huipeleki humo. Wewe umeandika hapana. Jumatano ijayo kamati ya maadili itataka kukusikia."

Sista alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Mwalimu, umeifanya nini sura yangu?"

"Nilitaka upumzike, mpenzi."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

"Niliingiza mahojiano kwenye programu, ikaipanga sura. Nilisoma haraka haraka, nikaona iko sawa."

"Mahojiano yote?"

"Yote."

"Basi Jumatano twende wote kwenye kamati ya maadili uwaeleze."

"Sista, mkataba wangu unapitiwa mwezi huu huu." Sauti ya Mwalimu ilishuka. "Ukisema ulikosea kuhesabu, kwamba rekodi moja imepotea, yataisha. Nani atajua?"

Sista akakata simu.

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alisikiliza mkasa mzima akikunja nguo. "Yaani ubebe mzigo wake, halafu yeye akushikie mwavuli?"

"Ananipenda, dada."

"Sijasema hakupendi. Nimesema anaogopa."

Siku nane Mwalimu hakupiga. Sista alikuwa akiitazama simu hadi akaichukia. Mara mbili alimwona akipita chini ya dirisha la maktaba, kichwa chini, na mara zote mbili aliumia upya. Ile shahada aliitaka kuliko kitu chochote, miaka mitatu ameihangaikia. Na lile neno dogo la uongo, rekodi imepotea, lilikuwa pale pale mdomoni, tayari.

Jumatano alivaa gauni la kijani kibichi, akasimama mbele ya watu watano na meza ndefu.

"Sura ya nne sikuiandika yote," alisema, "na sikuisoma yote. Mama wa kumi na tatu hayupo. Saini ni yangu."

"Nani alikusaidia?"

"Mtu niliyemwamini."

"Jina lake?"

Sista akatikisa kichwa. Profesa, aliyeketi kando, alikuwa amefungua mdomo amsihi, mlango ukagongwa. Mwalimu akaingia, shati limekunjamana, kifungo kimoja kimepita tundu la mwenzake.

"Mtu huyo ni mimi," alisema. "Yeye alinikataza kugusa maneno ya akina mama. Nikamwomba pia adanganye, akakataa."

Kamati iliwatoa nje, ikawarudisha. Sista airudie sura ya nne yote ndani ya miezi sita, na kabla ya hapo awaendee akina mama wote kumi na wawili, awaeleze kilichotokea. Atakayetaka maneno yake yatolewe, yatolewe. Mwalimu alisimamishwa kazi ya utafiti mwaka mzima. Mkataba wake ungejadiliwa kwingine, na kila mtu mle ndani alijua maana yake.

Barazani Mwalimu akamshika mkono. "Nataka kukuoa."

"Leo?"

"Leo na siku zote."

"Siku nane, Mwalimu! Siku nane ulinipita kama hunijui." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuudhi kuliko yote. "Jumamosi naenda kwa mama wa kwanza. Njoo ukaseme mwenyewe. Hayo mengine sina jibu nayo."

Mama wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Aliwakaribisha kwenye chumba chake cha kazi, akaondoa vitambaa kwenye viti, akamsikiliza Mwalimu hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona. Kisha akasimamisha cherehani.

"Na jina la mwanangu? Nalo liliingia humo?"

Sista alimjua Mwalimu kwa kujieleza, alisubiri maelezo.

"Ndiyo, mama. Niliingiza kila kitu. Nimefuta, lakini siwezi kukuahidi kwamba limefutika."

"Jina hilo nililitaja kwa huyu tu," mama alisema taratibu. "Hata baba yake hakuwahi kulisikia."

Mama akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. "Nendeni salama. Maneno yangu yatoeni."

Walitembea hadi mwisho wa mtaa. Mwalimu akasimama, mabega yakimtikisika, akalia bila kujificha.

"Ukitaka nisije tena, nitaelewa."

Sista akanyoosha mkono, akakifungua kifungo cha juu cha shati la Mwalimu, alichokuwa amekibana hadi kooni, apate kupumua.

"Wamebaki kumi na mmoja," alisema. "Kesho vaa viatu vya kutembelea."