Alichokiona Anuari Chumba cha Giza

"Salwa! Fungua mlango, nakwambia!"

Anuari alipiga ngumi tena. Alikuwa ametoka Kondoa na basi la alfajiri, vumbi bado kwenye nywele. Jana mchumba wake alimkatia simu akisema: "Siwezi kuongea, niko chumba cha giza, Fredy ananisubiri." Na ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki ijayo!

"Anuari? Dakika nne tu, tafadhali! Usifungue!"

"Dakika nne za kuvaa, siyo?"

Akausukuma kwa bega. Komeo likang'oka, mwanga wa korido ukamwagika ndani ya maabara ile ya chuo kikuu, Chimwaga.

Salwa alikuwa kwenye hadubini, koti jeupe limefungwa hadi shingoni. Fredy, fundi wa maabara, alikuwa upande wa pili kwenye kompyuta, ameshika kichwa.

"Imeharibika," Fredy alisema. "Mwanga umejaa kwenye kamera. Rekodi yote imekwenda."

"Wiki tatu nimezilea hizo seli, Anuari," Salwa akasema.

"Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani." Salwa akavua pete, akamwekea kiganjani. "Komeo linatengenezwa. Ila ndivyo unavyoniona mimi? Rudi Kondoa."

Anuari akaifumba pete kiganjani.

"Sahani ya pili ya seli ipo," Fredy alisema taratibu. "Dada Salwa, mwonyeshe kwanza. Mtaachana baadaye."

Mlango ukaegemezwa kiti, giza likarudi. Salwa akaiweka sahani kwenye hadubini, akaushika mkono wa Anuari na kuuweka kwenye kitufe.

"Bonyeza."

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Alipobonyeza, nukta zikawaka, kumi, hamsini, mamia, zimetandaa kama nyota za anga la Kondoa umeme ukikatika.

"Subhanallah! Nini hii?"

"Seli za ubongo wa panya. Ziko hai. Umezigusa kwa umeme kidogo, zimezungumza."

"Zimezungumza vipi?"

"Kila nukta ni mahali seli inapompa jirani yake ujumbe. Ujumbe umo kwenye vifuko vidogo mno. Tumepandikiza humo protini yenye kuwaka, lakini uchachu wa ndani, yaani asidi, unaizima. Kifuko kikifunguka nje, uchachu unatoka, inawaka. Mimi napima vimefunguka vingapi, kwa kasi gani."

"Mbona sasa zinafifia?"

"Seli inavivuta vifuko ndani, ivijaze tena."

Anuari alinong'ona, kama yuko msikitini.

"Hata mimi, hapa, nikikusikia?"

"Hata wewe. Mabilioni, sasa hivi."

Anuari akauliza jambo ambalo halikuwa limemjia kabla.

"Na mama? Ile mikono yake inayotetemeka?"

"Kwake seli zinazopeleka ujumbe wa mwendo zinakufa. Sina dawa, Anuari, sitakudanganya. Kwanza tujue ujumbe unatokaje."

"Kumbe ndiyo kazi yako! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mwezi wa Ramadhani. Ulikuwa unaangalia mpira."

Machozi yakamtoka mwanaume yule.

"Nimekukosea, Salwa. Fredy, kaka, nisamehe."

"Mimi nimesamehe," Fredy alisema. "Komeo bado."

Anuari akaazima bisibisi, akalifunga mwenyewe. Alipomaliza, akampa Salwa pete. Salwa hakuipokea.

"Kaa nayo. Kama huniamini, usije nayo Ijumaa."

Siku nne hawakuongea. Ya tano, Salwa akiwa chumbani kwake Nzuguni, ujumbe ukaingia: "Sitauliza tena uko na nani. Nitauliza leo umeona nini."

Aliusoma mara tatu, akajibu: "Nimeona nukta mia mbili na kumi na sita kwenye sahani moja. Njoo na pete."

Ijumaa, Kondoa, ndoa ikafungwa baada ya sala. Vigelegele vilipotulia, Bi Arafa, mama yake Anuari, alimshika bibi harusi mashavu kwa mikono yake inayotetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anuari ananisimulia habari za taa kichwani, hata simwelewi. Hebu kaa hapa, uniambie wewe."

Salwa akakaa, akaanza kumwambia.