Goti la Jumatatu na Alhamisi

Lifti ya jengo lile ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Wenye miadi ya meno, wenye miadi ya macho, mawakili na wateja wao, wote walisongamana ukumbini wakizitazama ngazi kwa huzuni. Ndipo mpira mkubwa wa buluu, wa kufanyia mazoezi, uliposhuka kutoka juu ukidunda taratibu, ngazi baada ya ngazi, kama uliochoka kusubiri lifti. Watu walipisha. Msichana mmoja hakupisha, maana alikuwa kwenye magongo. Aliinua gongo moja, akaubana mpira ukutani, ukatulia.

Alikuwa mrefu wa kutazamwa mara mbili, amevaa shati jeupe pana na suruali ya michezo yenye mstari wa njano ubavuni. Goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji nene. Kijana aliyekuja mbio nyuma ya mpira alivaa fulana ya kazi ya kijani, kalamu sikioni, pumzi juu juu.

"Umenitoroka!" alisema.

"Mimi? Ndiyo kwanza nafika."

"Mpira, dada. Mpira umenitoroka."

Msichana alicheka mpaka gongo likamponyoka. Kijana akaliokota.

"Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Kwa mtaalamu wa viungo. Nasikia ni mkali kama pilipili."

"Mimi nasikia ni mpole, tena ana sura nzuri."

"Nani kakwambia?"

"Mama yake."

Hapo msichana akaisoma kadi iliyoning'inia kifuani mwa kijana, akatamani sakafu immeze. Walipanda pamoja, yeye na magongo, kijana na mpira. "Kupanda, mguu mzima unatangulia," alimfundisha. "Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Sahau yote, hilo usisahau."

Msichana alikuwa mruka juu. Kocha wake alimbandika jina la Korongo kwa ajili ya miguu yake mirefu, na jina likaganda. Mwezi mmoja nyuma aliangukia vibaya ukingo wa godoro la kurukia na kano ya pembeni ya goti ikachanika. Timu ingesafiri baada ya miezi minne. Kocha, mama asiyependa maneno mengi, alimwekea nafasi kwa sharti moja: Ijumaa ya mwisho kabla ya safari, si zaidi ya saa sita mchana, alete barua ya mtaalamu kwamba goti limepona. Bila barua, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Chumba cha ghorofa ya nne kilikuwa na kitanda cha mazoezi, kioo cha ukuta mzima na dirisha pana lenye pazia jepesi. Alasiri jua liliingia kupitia pazia lile na kila kitu kikawa na rangi ya asali. Kulinukia dawa ya kuchua.

"Kati ya sifuri na kumi," aliuliza kijana siku ile ya kwanza, "maumivu ni ngapi?"

"Nane."

Aliandika kwenye faili. "Kila ukija nitakuuliza. Ikifika mbili nitakupima kuruka kwa mguu mmoja. Ukisema sifuri, faili nalifunga, tunaagana."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu mambo.

Walikutana Jumatatu na Alhamisi. Nane ikawa saba, saba ikawa tano. Alilala chali akikunja na kukunjua goti, akahamia kuchuchumaa mbele ya kioo, akavuta mkanda wa mpira kwa kisigino huku kijana akihesabu kwa sauti ya chini iliyokuwa ikimtia ndotoni. Mara nyingine alipofika kumi na tano hakujua tena anahesabiwa nini. Aliona pazia likipumua, akaona mikono ile ikishika goti lake kama mtu anavyoshika yai, akatamani alasiri isiishe.

"Korongo, umelala?"

"Naota."

"Unaota nini?"

"Naota umenyamaza."

Mwezi wa tatu goti lilipona. Alijua siku yenyewe: aliamka, akashuka kitandani, akafika jikoni kabla hajakumbuka kuwa ana goti. Furaha ilimjaa, kisha ikafuatwa na simanzi. Alhamisi ile, alipoulizwa, alisema, "Nne."

Jumatatu akasema nne. Alhamisi nyingine, nne.

Shangazi yake, aliyemlea na kukaa naye, hakuwa mtu wa kudanganywa. Alimpigia simu Korongo akiwa njiani kwenda kliniki.

"Mwanangu, naomba kukuuliza. Goti gani hilo linaloumwa Jumatatu na Alhamisi tu?"

"Shangazi, jamani!"

"Jumanne unapiga deki nyumba nzima unaimba. Jumatano uko juu ya stuli unabadilisha taa. Huyo mganga wako ana dawa au ana macho?"

"Ana vyote viwili," alisema Korongo, akakata simu akicheka peke yake barabarani.

Asichokijua ni kwamba kijana naye alikuwa na yake moyoni. Sheria ya kazi yake ilikuwa wazi na yeye aliishika kwa dhati: mgonjwa ni mgonjwa, hatongozwi. Basi alivumilia. Kila Jumatatu na Alhamisi alivaa fulana iliyopigwa pasi, akajipaka manukato kidogo nyuma ya sikio, akasubiri kusikia sifuri kama mtu anayesubiri mwezi uandame. Faili likifungwa tu, angesema. Na kila siku aliambiwa nne. Mmoja aliishikilia nne ili asiondoke, mwenzake aliomba sifuri ili aanze. Ningekuwepo ningewagonganisha vichwa.

Alhamisi ya mwisho ikafika.

"Ngapi?"

Korongo alijua kesho ndiyo mwisho wa kupeleka barua. Alikuwa ameamua kusema sifuri. Alifungua mdomo, akayaona macho yale, akasema, "Nne."

Kijana aliweka kalamu chini. "Nimeshindwa, Korongo. Wiki tano hujasogea. Barua siwezi kuandika, na nadhani nikukabidhi kwa mwenzangu mwenye uzoefu zaidi."

"Unanifukuza?"

"Nataka upone."

"Sema tu umenichoka!" Alivuta mkoba wake. "Kumbe nilikuwa kazi tu, mtu wa kuhesabiwa kumi na tano mara tatu, basi!"

Alishuka ngazi kwa hasira, na kwa hasira ile mguu wake wa kulia, ule mzima, ulitangulia. Kijana aliyesimama juu aliuona, lakini moyo ulikuwa umemuuma mno kuweza kufikiri.

Jioni ile kijana alipiga simu mara tatu. Ya nne ilipokewa na Shangazi.

"Shikamoo, mama. Naulizia hali ya mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa gani, baba? Shuka langu limepeperushwa na upepo likaangukia kwa jirani, huyo mgonjwa wako ameruka ukuta, miguu ikipita juu kama mkasi, na ukuta wenyewe unanipita mimi kimo. Sasa hivi anarudi nalo kapitia getini, kama malkia."

Shangazi akampa Korongo simu. Kisha sauti ya Korongo ikasikika, imelegea. "Haloo?"

"Goti lilipona lini?"

"Wiki tano zilizopita."

"Kwa nini, Korongo? Nimekosa usingizi juu ya hilo goti!"

"Ulisema ukisikia sifuri tunaagana. Sikutaka kuagana. Ndiyo hivyo, nimeshasema, nicheke."

Hakucheka. "Mimi nilikuwa nasubiri sifuri ili nikuambie nakupenda."

Shangazi, aliyekuwa akikunja shuka karibu kuliko ilivyohitajika, aliketi chini.

"Kesho saa nne," alisema kijana. "Nitakupima. Lakini barua haitokani na mapenzi. Itatokana na futi."

Asubuhi Korongo alikuta mstari wa chaki sakafuni na futi ya chuma, kama ya fundi seremala, imenyooshwa kando. Alitakiwa kuruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo bila kuyumba, na mguu wa kushoto upate angalau sehemu tisa kati ya kumi za umbali wa mguu wa kulia. Wa kulia ulitoa mita moja na sentimita themanini.

Wa kushoto ulitoa mita moja na nusu.

"Haitoshi," alisema kijana. Korongo aliruka tena: moja na sitini, akayumba. Saa ya ukutani ilikaribia tano.

Korongo aliketi sakafuni, machozi yakamtoka. "Haliumi. Wallahi haliumi. Lakini nikitaka kutua naliona lile godoro. Nne yangu haikuwa uongo wote. Naogopa."

Alikuwa hajamwambia mtu yeyote hilo, hata nafsi yake. Kijana aliketi naye sakafuni. Hakumshika.

"Jana uliruka ukuta ukatua wapi?"

"Kwenye zege la jirani, kwa mguu huu huu."

"Uliogopa?"

"Nilikuwa nafikiria shuka."

"Basi fikiria shuka."

Korongo alisimama. Dirisha lilikuwa wazi na pazia lilijaa upepo, likaelea kuelekea kwake, jeupe. Korongo alilitazama, akaruka. Alitua kimya, mguu mmoja, wala hakutikisika. Kijana alipiga magoti akasoma futi, akaisoma tena.

"Moja na sabini na nne."

Aliandika barua, akamsimulia kocha yote kwenye simu, ya nne na ya futi, bila kuficha. "Mwambie alete barua kabla ya saa sita," alisema kocha. "Na mwambie akinidanganya mimi namba, nitamkalisha benchi mpaka azeeke."

Kijana akaandika sifuri kwenye faili, akalifunga, akalisukuma mwisho wa meza. "Faili hili analimaliza mwenzangu. Kuanzia sasa mimi si mtaalamu wako."

"Ni nani basi?"

"Mtu aliyetorokwa na mpira. Unanipenda, Korongo? Kati ya sifuri na kumi?"

Korongo alikuwa tayari mlangoni na barua mkononi. Alifikiri kidogo, macho yakicheka.

"Tisa."

"Tisa? Moja imekwenda wapi?"

"Nikisema kumi," alijibu, mguu wa kushoto ukitangulia kushuka ngazi kama wa mgonjwa, "utafunga faili."