Dakika Kumi za Bwana Abdulghafur

Fidla ilinyamaza katikati ya wimbo, na kengele bado imelala mezani.

Bwana Abdulghafur Taib aliitazama kengele yake, kisha akaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi kamili. Wala hakuwa ameigusa. Tangu Jumba la Ngoma la Bondeni lifunguliwe, miezi michache baada ya Uhuru, kengele ile ya shaba haikushikwa na mtu ila yeye, msimamizi wa jumba. Jumamosi alasiri vikundi vilipanda jukwaani kimoja baada ya kingine: taarabu, kina mama wa lelemama, Wahindi na fimbo zao za dandia, Wadigo na sengenya, Wagoa na matarumbeta yao. Kila kikundi dakika kumi. Ikitimu ya kumi, kengele, na asiyeshuka huzimiwa taa. Watu walimtania kwamba hata siku ya harusi yake aliingia chumbani na saa mkononi, na yeye utani huo aliuona ni sifa.

"Leo wamejifunza adabu," alimwambia mtu aliyekaa kando yake, akajinyoosha koti.

Lakini mpiga fidla hakuwa na sura ya mtu aliyemaliza. Upinde ulikuwa hewani, macho yamemtoka. Na nyuma ya pazia, Nabiha naye alikuwa amenyamaza. Nabiha ni binti yake Abdulghafur, wa pekee, na aliimbia nyuma ya pazia kwa kuwa baba hakutaka mwanawe atazamwe na wanaume. Sauti yake tu ndiyo iliyotoka, kwa kipaza sauti. Sauti hiyo ilikatika, tena si mwisho wa ubeti. Ilikatika katikati ya neno. Ikapita harufu ukumbini, harufu ya ubani uliowashwa kisha ukamwagiwa maji.

Wakapanda kina mama wa lelemama. Dakika ya kumi viganja vyao vikaganda hewani, na watu wakapiga makofi wakidhani ni mtindo mpya. Wakapanda Wahindi. Dakika ya kumi fimbo zikasimama juu, hakuna iliyogusa nyenzake, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Abdulghafur alijua kosa ni lake. Alijua tangu fidla iliponyamaza.

Wiki moja nyuma kamati ya jumba ilikuwa na wageni wa heshima kutoka bara, ikataka kuwaonyesha kitu wasichowahi kukiona. Abdulghafur akaenda kwa Bimdogo, fundi wa pepo, bibi mwembamba ambaye nusu ya kina mama wa Bondeni waliwahi kupita mikononi mwake na wengine wote walikana.

"Ngoma ya pepo si mtezo, mwanangu," Bimdogo alimwambia. "Ikipigwa, pepo mwenyewe huya. Akiya hutezeshwa mpaka ashibe, kisha huaga. Siku moya, siku tatu, yeye ndiye ajuaye."

"Ni mfano tu, mamangu. Kidogo."

"Hakuna kidogo. Niapie kwamba hutagonga hiko kishaba chako."

Akaapa. Lakini siku yenyewe ilipofika, na Chonga, mpiga ngoma wa Bimdogo, alipokuwa ndiyo kwanza ameinama juu ya ngoma yake, mgeni mmoja wa mstari wa mbele alifunua mkono wa shati akatazama saa. Abdulghafur alimwona. Ilipotimu dakika ya kumi mkono wake ulikwenda wenyewe, akagonga.

Chonga aliinua mikono kutoka kwenye ngozi kama aliyeungua. Bimdogo hakupiga kelele. Alisogea mpaka mezani akasema kwa sauti ya chini, "Umemwita mgeni, amefika mlangoni, umemfungia mlango usoni. Mimi simo." Akakusanya watu wake wakaondoka, na wageni wakapiga makofi sana.

Hayo ndiyo aliyoyajua Abdulghafur. Kiburi kikamzuia kuyasema.

Nyumbani, Mwanabaraka mkewe ndiye aliyeanza kuona. Nabiha alisuka nusu ya nywele akaacha. Alikunywa chai nusu kikombe. Alipanda ngazi akasimama katikati, mguu mmoja juu mmoja chini, hata mamake akaenda kumshika mkono. Na Jumapili asubuhi alimjia babake barazani akasema, "Baba, nataka..." Akabaki hapo, mdomo wazi.

"Wataka nini, mwanangu?"

Alikuwa akimtazama, na machozi yanamtoka, kwa sababu alitaka kusema na neno halikuja.

Jumatatu hali hiyo ikaingia katika pumzi. Alivuta pumzi asiitoe. Mwanabaraka alipiga ukelele, Abdulghafur akatoa saa yake mfukoni, maana hakujua kufanya jambo jingine. Sekunde ishirini. Kisha Nabiha akaitoa kwa kishindo, akaanguka juu ya mkeka. Jumanne ilikuwa nusu dakika. Walimpeleka kwa daktari, daktari akasikiliza kifua, akasema kifua ni kizima. Jumatano ikawa dakika nzima na zaidi, uso umegeuka rangi, na ile harufu ya ubani uliozimwa imejaa chumba, imeingia katika mito na mashuka, na Abdulghafur, saa kiganjani, akitazama mkono wa sekunde ukizunguka, alielewa kwamba muda ule unapanda, kwamba kila siku unapanda, na kwamba yeye peke yake katika Mombasa nzima anajua utafika wapi.

"Itafika kumi," alisema.

"Kumi nini?" mkewe akanong'ona. "Baba Nabiha, umefanya nini wewe?"

Akamwambia. Mwanabaraka alimsikiliza mpaka mwisho, na tangu saa hiyo hakumwita tena Baba Nabiha.

Jioni akaja Maalim Aidarus na msahafu wake. Alisoma kwa utulivu, akasoma mpaka akamaliza, na hakuna kilichomkata. Nabiha alikaa wima akisikiliza, mikono juu ya magoti. Maalim alipofunga msahafu, mdomo wa msichana ulifunguka ikatoka sauti kavu, ya mtu mzima, ya upole kuliko inavyofaa.

"Umesoma vyema, Maalim. Nami ni Muislamu, siwezi kukukata. Lakini mimi niliitwa kwa ngoma yangu, nikatoka mbali, nikainua mguu niteze, huyu akanigongea shaba. Haki yangu iko wapi?"

Maalim Aidarus alimvuta Abdulghafur ukumbini mwa nyumba. "Huyu simfukuzi," alisema chini chini. "Huyu ameya kudai, na ana haki. Nenda kwa yule uliyemvundia kiapo. Nenda sasa."

Bimdogo alimwacha amesimama uani, juani, asubuhi nzima ya Alhamisi. Watu waliingia kuteka maji wakamwona, wakatoka kwenda kuhadithia. Hatimaye bibi akatokea mlangoni.

"Leo wajua kungoja?"

"Mwanangu anakufa, mamangu."

"Na saa yako yasemaje?"

Abdulghafur akainamisha kichwa. "Dakika mbili," alisema, akalia, mtu mzima, mbele ya wateka maji.

"Nakuya kwa ajili ya mtoto," Bimdogo akasema. "Wewe hata kukuona sitaki."

Wakaifanya ngoma palepale jumbani, siku ileile baada ya adhuhuri, milango imefungwa. Pakawekwa chano, sinia kubwa lenye halua na popoo za kutafuna, mayai na sukari, marashi na ubani. Bimdogo alimvua Abdulghafur koti na kofia, akamkalisha sakafuni. Kengele aliichukua mwenyewe akaisokota ndani ya gunia. "Ngoma hii tutaishika pale ilipokatwa," alisema. "Chonga, wapakumbuka?"

"Kila siku tangu hapo mikono yanipigia yenyewe," Chonga akajibu. "Vipi nitapasahau?"

Akaanza. Pigo la kwanza tu Nabiha aliruka kutoka kwenye mkeka akasimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja umeinuliwa, ule ambao pepo aliuinua kengele ilipogongwa, akauteremsha, akacheza. Alicheza uchezaji ambao hakufunzwa na mtu, shingo imelegea, macho meupe, nyayo zinapiga saruji kwa uzito usiokuwa wa msichana, akacheza dakika kumi na kumi nyingine, akacheza saa nzima na nyingine, na Chonga vidole vimempasuka damu inaruka juu ya ngozi lakini hathubutu kuinua mkono, na Mwanabaraka amejibana ukutani ameziba mdomo kwa leso, na kila alipopita mbele ya Abdulghafur yule mchezaji aliinama akamvuta pumzi usoni, fuu, kama anayemnusa, akaondoka asiitoe. Ilikuwa karibu na magharibi aliposimama.

"Nimeshiba," ile sauti ikasema.

"Basi mwache mtoto," Abdulghafur akasema. Alikuwa amepiga magoti. "Nichukue mimi. Mimi ndiye niliyegonga."

"Wewe sikutaki." Nabiha alimwinamia, akatabasamu tabasamu ambalo baba hakuwahi kuliona katika uso ule. "Wewe ulinipa kumi. Nami nakupa kumi. Haki kwa haki."

"Kumi nini?"

Kikatoka kicheko, kimoja, kifupi. Msichana akaanguka. Alipofumbua macho alimtazama babake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Baba, nataka mayi ya kunywa." Ndiyo yale maneno ya Jumapili, sasa yametimia. Mwanabaraka akapiga vigelegele huku analia.

Bimdogo hakushangilia. Alikuwa amesimama mbele ya chano, anatazama ubani. Ulikuwa umezimika, umelowa, na hakuna aliyeumwagia maji.

"Ameshiba," alisema polepole. "Lakini hakuaga."

Abdulghafur hakusikia jingine ila kumi. Siku ya kumi alioga, akavaa kanzu safi, akalala chali kuanzia alfajiri akingoja, na usiku ulipoingia akaamka akala wali kwa pupa. Wiki ya kumi aliandika wasia. Baada ya hapo alianza kuhesabu miezi. Lazima niseme kweli, mtu yule alipata heri kwa hofu yake. Aliizunguka Bondeni na Makadara akiomba radhi kwa kila aliyemzimia taa. Saa ya ukutani aliing'oa, pakabaki duara jeupe. Vikundi sasa vilicheza mpaka vikatosheka, watu wakajaa mpaka barazani, na Nabiha akarudi nyuma ya pazia lake, akiimba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Baba hakumzuia. Alitaka kusikia sauti ile mara nyingi awezavyo kabla hajaondoka yeye.

Mwezi wa kumi ulipotimia, Jumamosi, alimshika binti yake mikono mlangoni.

"Baba, mbona wanitazama hivyo leo?"

"Nakuaga tu, mwanangu. Imba vizuri."

Alikaa mstari wa mbele, kanzu nyeupe, kidole juu ya mshipa wa mkono wake mwenyewe, anahesabu mapigo. Fidla ikaanza. Nabiha akaimba, na kwa kipaza sauti kila herufi ilifika safi mpaka nyuma kabisa. Ubeti baada ya ubeti. Ilipopita ile harufu, ubani uliomwagiwa maji, hakushtuka. Alikuwa tayari, akapiga shahada kimoyomoyo, akafumba macho akangoja moyo wake usimame. Haukusimama. Ulipiga, ukapiga, wenye nguvu na afya, moyo wa mtu atakayeishi miaka mingi, na hapo, kidole kikiwa bado juu ya mshipa, ndipo maneno mengine yalipomrudia, yale ambayo hakuyahesabu: wewe sikutaki.

Akafumbua macho. Fidla ilikuwa imefika pale inapomngoja mwimbaji kuingia ubeti wa mwisho. Kutoka nyuma ya pazia, kwa kipaza sauti, kila mtu alimsikia Nabiha akivuta pumzi.

Ukumbi mzima ukangoja aitoe.