Masaa Kumi na Moja

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, si mimi. Mama yake alikuwa mahututi, naye akampigia simu akiwa uwanja wa ndege.

"Mama, ni masaa kumi na moja tu. Nisubiri."

"Ni mengi, mwanangu. Tukutane katikati."

Safari ilipofika nusu, taa zimezimwa, alisikia mkongojo ukigonga taratibu kwenye ujia kati ya viti vya ndege. Ukakoma ubavuni pake. Hakugeuka, na hilo ndilo linalomliza mpaka leo.

Alipotua, dada yake alipiga simu akilia. Mama alikuwa amefariki masaa matano na nusu yaliyopita.

"Na mkongojo wake hatuuoni."

Mkanda wa mizigo ukaleta begi lake. Nyuma ya begi ukaja mkongojo, umevikwa kitambaa ambacho rafiki yangu alimshonea mama yake, kishikio bado kina joto la kiganja.