Chumba cha Tamimu

Harufu ilianza asubuhi ya ukungu, saa za chai, na ilikuwa harufu ya udi. Mtu wa pwani asingeigeuzia hata pua. Lakini Skuta, mtaa wa Nyeri, mwezi wa Julai, nyumba hunuka makaa, maziwa yaliyomwagikia jiko na makoti yasiyokauka. Udi huku ni mgeni asiyealikwa.

Murugi alitoka nje kumwuliza jirani yake, Beth, kama ndiye aliyechoma kitu.

"Mimi? Nichome nini, na gesi yenyewe imeisha?" Beth alikuwa akianika nguo ambazo wote wawili walijua hazitakauka. "Labda ni majini."

"Majini ni ya Mombasa."

"Si ndio nasema. Hapa Nyeri wangekufa na nimonia."

Walicheka. Murugi akarudi ndani, akakuta harufu imemtangulia.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watu wa mbali walimtumia sauti zilizorekodiwa, naye akazigeuza maandishi: kila neno, kila kikohozi, kila msemaji kwa jina lake. Alikuwa na shahada ya Kiswahili ambayo shangazi zake waliwahi kumwuliza itampikia nini. Ikawa inapika. Kompyuta aliigawa vyumba. Mafundi huviita maeneo-kazi. Ni kama kuwa na meza kadhaa ndani ya skrini moja. Unabonyeza vitufe, meza nzima inateleza kando na madirisha yake, nyingine inaingia. Murugi alikuwa na vitatu, kila kimoja na jina lake juu: Kazi, Kanisa, halafu Nyumbani, palipokuwa na picha za harusi na ratiba ya dawa za mama mkwe. Alichukia vitu kuchanganyika. Ndiyo maana kazi ya mganga ilipokuja, aliifungulia chumba chake, cha nne.

Mtafiti wa chuo fulani ndiye aliyeirekodi, huko pwani. Mganga alikuwa akimtoa jini ndani ya mwanamke, na jini alijibu kwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kukaribishwa. Alijitaja kuwa Tamimu.

"Hapa hukai," mganga alisema. "Kiti chako unakitaka wapi?"

"Popote nitakapopewa chumba kwa jina langu," sauti ilijibu. "Mwenye kunipa chumba, nyumba yake ni yangu."

Murugi aliandika yote, hata pumzi. Kisha, kwa kupenda mambo yaliyonyooka, akabofya mahali pa jina la chumba kile kipya, akaandika: Tamimu.

Kesho yake ndipo udi ulipoanza.

Halafu kompyuta ikaanza kuhama yenyewe. Alikuwa katika Kazi, akiandika mkutano wa wakulima wa chai wa Kangari, mara skrini ikateleza: Kanisa likapita, Nyumbani ikapita, ikatua kwa Tamimu. Akairudisha. Ikateleza tena, polepole, kama mtu anayevuta pazia. Akaifuta ile sauti ya mganga. Aliporudi na kikombe chake ilikuwa palepale, dirisha liko wazi, mstari wa sauti unatembea.

"Ni virusi," alijiambia, kwa sababu alikuwa na shahada.

Akavaa hedifoni asikie kinachochezwa. Kimya. Alipozivua, sauti ilikuwa ndani ya nyumba.

"Hodi," ilisema nyuma ya ukuta. "Hodi wenyewe. Mbona mgeni hapewi hata maji?"

Nyuma ya ukuta ule alilala Kanana, mama mkwe wake, ambaye hakuwa amesema neno tangu kiharusi kilipomwangusha shambani kwake Chuka. Mwanawe, Muthomi, ndiye aliyemleta Skuta, na Murugi ndiye aliyemlisha na kumgeuza. Kiswahili, Kanana hakuwahi kukijua zaidi ya kile cha sokoni, na sasa hata Kimeru kilikuwa kimemtoroka. Yeye na Murugi walisemezana kwa mkono: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa njia hiyo walikuwa wamesengenya nusu ya mtaa.

Murugi alifungua mlango na kumkuta ameketi wima, yeye ambaye jana tu alikuwa akigeuzwa kama godoro, miguu sakafuni, viganja juu ya magoti kama mzee wa baraza, mdomo uliokuwa umepinda sasa umenyooka na unafunguka kwa adabu, na juu ya mdomo ule unaotabasamu yalikuwa macho, na macho yalikuwa bado ya Kanana, na yalikuwa yakitiririka machozi.

"Mkwe wangu," mdomo ulisema. "Nyumba yako ina baridi, lakini nimeipenda."

Muthomi aliporudi kutoka dukani kwake, kula chakula cha mchana, alisimama mlangoni na mfuko wa dawa za mifugo mkononi.

"Mama?"

"Naam, Muthomi wangu."

Mfuko ulianguka. Alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti. "Murugi, unaskia? Mama anaongea! Mama ako na sauti!"

"Muthomi, mama yako ametoa wapi hiyo Kiswahili?"

"Si ni Mungu! Mungu akirudisha kitu, anaosha kwanza."

Mchungaji Griffins alifika kabla chai haijapoa. Hakuna muujiza uliowahi kupita Skuta bila kusalimiana naye. Hakukemea, hakuuliza, alipiga picha, ya kwanza peke yake na Kanana, ya pili na Biblia katikati.

"Jumapili lazima atoe ushuhuda," alisema. "Hii si ya kufichwa chini ya kitanda."

"Kwa furaha, mchungaji," mdomo ulijibu. "Nyumba yako ina watu wengi?"

"Inajaa mpaka nje!"

"Mahali pazuri."

Muthomi alipotoka kumsindikiza, Murugi alibaki. Aliuchukua mkono wa Kanana. Ulikuwa baridi kuliko bomba la alfajiri. Akainama karibu na sikio.

"Mama," alinong'ona, "ni wewe unaongea?"

Vidole vilibana mara mbili.

"Unataka aende? Hata kama hutaongea tena?"

Vikabana mara moja, na havikuachia.

"Mnasemezana nini, wanawake?" sauti iliuliza juu ya kichwa chake, ikicheka.

Jioni, jikoni, alimweleza Muthomi yote: chumba, jina, vidole. Walisema chinichini, na bomba la maji wakaliacha wazi lifunike maneno.

"Usiguse hiyo kompyuta," Muthomi alisema.

"Mama amekataa. Kwa mkono wake."

"Mkono iko na kiharusi, Murugi. Mdomo ndio inaongea."

"Hamezi uji. Hata maji hamezi. Huyo anaongea, na mama anakauka. Akiendelea hivi tutamzika."

Muthomi aliegemea sinki. "Mwaka mzima sijaitwa jina," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ameniita Muthomi. Wewe ukifunga hiyo kitu yako, nani ataniita?"

Murugi akafunga bomba la maji.

Siku zilizofuata Kanana aliongea zaidi na kupungua zaidi. Mwili ulilegea kama nguo iliyovaliwa na mtu mkubwa kuliko mwenyewe. Wageni walikuja, wakasalimiwa kwa Kiswahili cha kupendeza, wakaondoka wakisifu. Hakuna aliyeangalia macho.

Jumamosi alasiri Muthomi alikuwa nje akiosha gari la kumpeleka mama kanisani, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi vioo vya madirisha, na Murugi akaketi mbele ya kompyuta, na kabla hajagusa kitu skrini ikateleza yenyewe, Kazi, Kanisa, Nyumbani, ikatua, na udi ukampanda kooni, na nyuma ya ukuta ile sauti ikaanza kuimba kwa upole kama anayembembeleza mtoto, na mstari katika dirisha la sauti ukapanda na kushuka pamoja na wimbo, na chini yake, kwenye ukurasa wa maandishi, herufi zikawa zinajiandika bila mkono, TAMIMU: Bibie, vidole vyako visifanye utundu, TAMIMU: Bibie, si tumekaa vizuri, TAMIMU: Bibie, mumeo anakuja, na kweli mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Murugi, wacha! Wacha hiyo!" Mikono ya Muthomi ilikuwa imejaa povu. Akamshika bega, akamvuta. "Aki nakuomba. Kesho tu. Wacha nimsikie kesho tu."

Kuna utaratibu. Unafunga kwanza madirisha yaliyo ndani, moja baada ya jingine, hadi chumba kiwe kitupu. Ndipo unafunga chumba. Murugi alikuwa amewafundisha hata vijana wa kanisa. Lakini kiti kilikuwa kinamtoka, na mkono wa mumewe ulikuwa unaufikia wake, akabofya alama ya kufunga juu ya jina lenyewe, chumba kikiwa kimejaa.

Wimbo ulikatika katikati.

Murugi alikimbilia upande wa pili wa ukuta. Kanana alikuwa ameanguka juu ya mto, mdomo umepinda tena, pumzi fupi, nzito, yake mwenyewe. Mkono ulikuwa na joto. Alimpa maji kwa kijiko, yakashuka. Nyumba ilinuka makaa na makoti mabichi, na Murugi akacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu hakuwahi kunusa kitu kizuri namna ile.

"Muthomi!" aliita. "Njoo, amemeza maji!"

Hakujibiwa. Akarudi.

Mumewe alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, amempa mgongo. Vyumba juu ya skrini vilikuwa vitatu. Lakini Nyumbani ndiyo iliyokuwa wazi, na juu ya picha ya harusi, upande aliosimama bwana harusi, lilikuwa limekaa dirisha la sauti, na mstari wake unatembea. Murugi alilijua hilo, angelijibu hata usingizini: kompyuta haitupi vilivyomo katika chumba unachokifunga. Inavisukuma chumba jirani.

"Muthomi?"

Aligeuka. Alikuwa akijipangusa povu, kidole baada ya kidole, bila haraka.

"Usiogope, bibie," alisema.

Ndani, Kanana alianza kuguna. Hakuwa na neno hata moja, ila alipiga ukuta kwa mkono wake mzima, tena na tena, kama mtu aliyeona mtoto wake akiingia mtoni. Simu ya Muthomi ikalia mezani. Alikuwa mchungaji Griffins.

Murugi aliirukia. Mumewe aliifikia kwanza, akaiweka sikioni taratibu.

"Mama amenyamaza, mchungaji," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukaribishwa. "Lakini usivunje mipango. Kesho nitakuja mimi. Niandike tu kwenye ratiba ya ibada." Akasikiliza, akatabasamu. "Hapana, si jina hilo. Chukua kalamu, nikutajie."