Mwandiko wa Anuari

Jumatatu hiyo Anuari alifungua duka lake la Mtaa wa Msimbazi kama kawaida, akafuta vumbi, akapanga diski tupu mezani. Dunia imehamia kwenye flashi, lakini Kariakoo bado ina watu wenye deki nyumbani, na hao ndio waliomweka mjini. Aliwahamishia mikanda yao ya zamani kwenye diski, kila moja akaibandika stika iliyochapwa kwa kompyuta. Shughuli isipoenea kwenye diski moja, ya kwanza aliitia 1/2, ya pili 2/2.

Saa nne akaingia Bi Zulekha na mkanda wa mazishi ya mwanawe, Shomari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina lake ulichape kwa mashine. Usimwandike kwa mkono."

"Kwani kuna tofauti gani?"

Bi Zulekha akashusha sauti. "Mkono ukishamwandika maiti, unazoea."

Anuari alicheka kimoyomoyo. Mchana stika zikamwishia, na uvivu wa kwenda kununua nyingine ukamshinda. Akachukua maka peni, akaandika juu ya diski: Msiba wa Shomari. Jioni Bi Zulekha aliutazama mwandiko ule, kisha akamtazama Anuari kwa huruma.

Jumatano asubuhi kulikuwa na diski mezani ambayo hakuikumbuka. Msiba wa Filbert. Jumatano. Mwandiko ulikuwa wake, hata ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Filbert, fundi saa wa mlango wa pili, alikuwa nje akinywa kahawa na kubishana mambo ya mpira.

Adhuhuri Filbert alianguka. Hakuamka.

Alhamisi Anuari aliiacha maka peni nyumbani makusudi. Alipofungua duka, diski nyingine ilikuwa inamngoja.

Msiba wa Mwanne. Jumamosi.

Mwanne ni mkewe. Akakaa sakafuni. Kisha akachukua spiriti na pamba, akafuta. Diski ikawa nyeupe. Akageuka kutupa pamba. Aliporudisha macho, jina lilikuwapo.

Akafuta tena. Likarudi.

Akabandika stika. Wino ukapenya.

Hapo akaelewa kwamba diski ile haitakubali kubaki tupu. Akaazima kalamu kwa jirani. Akafuta mara ya mwisho na kuandika haraka: Msiba wa Anuari. Jumamosi.

Alingoja saa nzima. Halikubadilika.

Jioni alimpelekea Mwanne sambusa, akawa anamtazama tu anavyokula.

"Una nini leo?" Mwanne akauliza.

"Nakupenda tu," akasema, na alimaanisha.

Jumamosi mchana walimkuta ameinamia meza, amekwisha poa. Mazishi yake hayakupigwa picha na mtu yeyote. Mwanne ana uhakika.

Baada ya arobaini alikwenda kukusanya vitu vya dukani. Mezani alikuta diski ya mumewe: Msiba wa Anuari. Jumamosi. Chini yake, kwa mwandiko uleule, palikuwa na 1/2.

Akaiinua. Kulikuwa na nyingine chini yake, imeandikwa jina lake yeye Mwanne, na 2/2. Alilipitishia kidole, na kidole kikatoka cheusi. Wino ulikuwa mbichi.