Swali la Uzi Unaokatika

Kila asubuhi Rabia alifagia mbele ya nyumba yao, huko Kasungami. Kisha aliketi mlangoni na kufungua simu yake. Mume wake, Zakari, alikuwa tayari kazini chini ya bati, katikati ya mashini za kushona. Moja ilikuwa imefunguliwa tumbo. Nyingine haikuwa na gurudumu.

"Kuko muntu ameandika?" Zakari aliuliza.

"Hapana, Baba Imani. Hakuna muntu."

Jibu lilikuwa hilohilo tangu mvua zilipoanza.

Zamani Zakari alikuwa na kibanda mjini Lubumbashi, kando ya barabara kubwa. Mafundi wa nguo walisimama pale kununua sindano, mikanda na mafuta ya mashini. Barabara ikapanuliwa, na kibanda kikaondolewa. Familia ikahamia Kasungami, mbali na mji. Dan, mdogo wake Rabia, akawatengenezea duka kwenye mtandao. Wenyewe waliliita "site". Dukani mlikuwa na picha za vipande vya mashini, bei, na namba ya simu. Duka lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyeliona.

Zakari alianza kusema kwamba ataenda mji wa mbali wa Kolwezi kutafuta kazi ya ulinzi. Rabia hakupenda wazo hilo. Hakutaka kubaki peke yake na binti yao Imani, ambaye alikuwa bado shuleni.

Jumamosi moja jirani yao Cathy alikuja na mashini ya mama yake. Cathy alifanya kazi mjini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza site za maduka na makampuni.

"Papa Zakari, mama anasema uzi inakatika kila saa," alisema. "Anafikiri mashini imekufa."

Zakari aliinama, akatazama. Alitoa sindano, akaigeuza, akairudisha. Kisha akakanyaga pedali. Mashini ikashona kitambaa kizima bila uzi kukatika.

"Ni ile tu?" Cathy aliuliza.

"Ni ile tu. Sindano ilikuwa imewekwa kinyume. Bantu bengi banafanya vile."

Cathy aliitazama mashini tena. "Mama alitafuta jibu ku Google tangu juzi. Alipata tu mashini za umeme za Ulaya. Na wewe uko na site, Papa Zakari. Juu ya nini haukuandika ile kitu mule?"

"Site ni ya kuuzisha," Zakari alisema. "Haiko masomo."

"Ndiyo shida yenyewe. Angalia." Cathy alichukua simu ya Rabia na kufungua duka lao. "Hapa mumeandika 'sindano', na bei. Basi. Muntu mwenye uzi inakatika, haandike 'sindano'. Hajue kama sindano ndiyo mubaya. Anaandika shida yake: 'Juu ya nini uzi inakatika?' Google inatafuta ukurasa wenye kujibu ile swali. Kwenu hakuna jibu. Sasa itabaleta hapa namna gani?"

Rabia alielewa mara moja. "Kama tunajibu maswali ya bantu, Google itabatuma kwetu."

"Ndiyo, Mama Rabia. Na wakifika, bataona kama munajua kazi. Muntu anapenda kununua kwa mwenye kumusaidia."

Lakini Zakari alitikisa kichwa. "Hii kazi nilijifunza kwa baba yangu, miaka mingi. Kama ninabafundisha yote bure, nani ataleta mashini yake kwangu?"

"Sasa nani analeta?" Rabia aliuliza kwa sauti ya chini.

Zakari alifuta mikono yake yenye mafuta, akaendelea na kazi. Jioni, baada ya sala, alimwita mkewe. "Leta simu. Mi nitasema, wewe utaandika."

Makala ya kwanza haikuwa nzuri. Zakari alikuwa amesikia kwamba Google inatafuta maneno. Basi alimwambia Rabia aandike "mashini ya kushona Lubumbashi" katika kila mstari. Cathy aliisoma na kucheka.

"Papa Zakari, unaongea na ba client vile? Muntu akiingia, unamwambia 'mashini ya kushona Lubumbashi' kila saa?"

"Hapana. Atakimbia."

"Basi hata hapa atakimbia. Na Google inajua ile mchezo, haiipendi. Andika sawa vile ulimuambia mama yangu."

Wakaanza upya. Kichwa cha makala kilikuwa swali lenyewe: "Juu ya nini uzi inakatika ku mashini ya kushona?" Jibu fupi lilikuja mwanzoni, ili msomaji asihangaike. Halafu Zakari alieleza sababu moja moja: sindano iliyogeuzwa, sindano iliyoisha ncha, uzi wa zamani, uzi uliokazwa mno. Imani alipiga picha za mikono ya baba yake akionyesha kila jambo. Mahali palipotajwa sindano, Rabia aliweka kiungo. Ukikibonyeza, unafika kwenye sindano zilizomo dukani.

Rabia alitaka kuongeza makala nyingine kutoka site ya Ufaransa. "Ni nzuri, tuinakili tu," alisema.

"Hapana, Mama," Cathy alimwambia. "Ile ni kazi ya bengine. Tena, Google inaijua tayari. Nyinyi muko na mambo yenu. Andika yale yenye bantu banawauliza kila siku. Na mufanye mu Kifaransa pia, juu bengine banatafuta mu Kifaransa."

Waliandika juu ya mashini inayoruka mishono. Waliandika jinsi ya kupaka mafuta, na jinsi ya kuchagua sindano ya jinzi. Wiki zikapita. Simu haikulia. Zakari akaanza kukunja nguo zake ndani ya mfuko wa safari, tayari kwenda Kolwezi.

"Ile haiko kitu ya siku moja," Cathy alisema alipoona mfuko. "Google inahitaji muda kusoma na kuamini. Lakini nimeangalia hesabu za site. Mwezi jana hakuna aliyefungua. Sasa bantu banaingia, na banasoma mpaka mwisho."

Zakari aliuacha mfuko ukutani. Makala nyingine ikaandikwa.

Kisha ujumbe ukafika. Fundi wa nguo wa mtaa wa Makomeno, mjini, alitaka sindano. Kesho yake mama mmoja wa mji wa Likasi aliuliza kuhusu mkanda. Zakari alipokuwa akifunga vitu vya kutuma, simu ya Rabia ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Mi ni Marie-Thérèse, niko Mokambo. Niko na centre ya kufundisha wasichana kushona. Mtihani inakaribia na mashini nusu zilikuwa zimekufa. Tulisoma site yenu pamoja mu darasa. Zingine tumezitengeneza sisi benyewe. Zenye zimebaki, tunahitaji vipande. Na tunaomba fundi mwenyewe akuje."

Rabia alimpa mumewe simu.

Zakari na Rabia walisafiri hadi Mokambo na mfuko uleule, safari hii umejaa vipande. Wasichana walikuwa wakiwangoja. Mmoja, Bénie, alimwonyesha Zakari mashini yake. "Hii nilitengeneza mi mwenyewe, fundi. Nilifuata picha za mikono yako."

Zakari aliikanyaga. Ilishona vizuri. Kicheko kilimtoka bila yeye kujua. Alifanya kazi mpaka mashini ya mwisho ikakubali. Marie-Thérèse akawaambia wasichana wakae, wakanyage wote pamoja. Chumba kikajaa mlio wa mashini, na hakuna uzi uliokatika. Wasichana wakapiga makofi. Rabia alimtazama mumewe akifuta macho kwa mkono wenye mafuta.

Wasichana wale walifanya mtihani wao kwa mashini zao wenyewe, na wakafaulu. Marie-Thérèse aliwaeleza habari za Zakari wenye centre kama yake huko Kasumbalesa na Kipushi. Leo, mtu akiandika swali la uzi unaokatika, ukurasa wa Zakari unatokea juu kabisa. Chini ya bati kuna mashini nyingi kuliko zamani. Zakari alidhani mafunzo ya bure yatamwondolea wateja, lakini wanaojitengenezea wananunua vipande kwake, na wanaoshindwa wanamletea mashini. Hakuna tena anayezungumza habari za Kolwezi, ila wanapowatumia wateja wa huko vitu vyao.

Na mjini sasa watu hawamwiti fundi tu. Wanamwita mwalimu.